Mwaka wa Firigisi Isiyokatwa

Juzi tulimzika Baba Mkubwa, na Deo akasimama mbele ya jeneza kumwelezea marehemu. Alivaa suti ya kijivu, tumbo limetangulia, miwani kaipandisha juu ya kipara, na karatasi hakuishika kwa sababu maneno hayajawahi kumpungukia. Akasema marehemu baba yake ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza wa dini. Akasema tena, nami nilikuwa nimesimama karibu naye na taji la maua mkononi, nikamsikia vizuri: "Mimi na mzee tulikuwa na mijadala mizito ya imani enzi hizo, wengine mtakumbuka, lakini hatukuwahi kuvunjiana heshima." Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo kwa khanga. Mzee mmoja akadakia kutoka nyuma, "Kweli kabisa! Yule alikuwa simba wa Utatu!" Wakacheka tena. Hawakuwahi kuvunjiana heshima! Hatua chache tu kutoka pale aliposimama kuna kaburi la mama yake, saruji imepasuka, msalaba umelala upande, na katika maneno yote yale mwanaume huyu hakumtaja mama yake hata kwa jina. Nikalitua lile taji, nikatoka, nikaenda nyumbani jikoni kumenya vitunguu, kwa sababu kule mtu akitokwa machozi haulizwi.

Sura nyingine za kumbukumbu hizi nimeziandika kwa upole. Hii siwezi, na sitajaribu. Mama yake Deo aliitwa Filomena, alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, na mimi nilimwita Mama Mkubwa. Nilivyofika nyumbani kwao Lizaboni ni habari ndefu ambayo hapa haina kazi. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu, na nilipewa chumba cha uani nilichogawana na magunia ya mahindi. Zilikuwa enzi za ruksa. Mji wa Songea, uliokuwa umezoea foleni ya sukari na sabuni ya kukatiwa kipande, ghafla ulijaa kila kitu: mitumba ya Ulaya imemwagwa chini sokoni, redio za kaseti, mafuta ya kupaka yanayonuka matunda, na walanguzi wa mahindi kutoka kila upande wakiuliza bei barabarani. Dini nazo zilipewa ruksa yake. Kila kona kulikuwa na kipaza sauti. Ukitoka kununua chumvi unakuta mtu amepanda kwenye meza anakuuliza kama umeokoka, na ukirudi unakuta mwingine anapinga alichosema yule wa kwanza.

Nyumba ya Lizaboni ilikuwa ya tofali za kuchoma na bati, nzuri kwa wakati ule, ila haikuwa na dari. Ukikohoa chumbani, sebuleni wanakupa pole. Ndiyo maana nayajua haya ninayoyaandika: maneno yote ya nyumba ile yaliruka ukuta, na mimi nilikuwa na masikio. Sebuleni palikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, na kiti kimoja chenye mikono ambacho hakikukaliwa na mtu ila Baba Mkubwa. Yeye alikuwa katekista wa parokia. Mtu mrefu, mkavu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata kukiwa na jua. Jumamosi alifundisha watoto wa komunyo barazani kwake, wamekaa juu ya magunia, na sisi jikoni tunasikia. Alikuwa mwalimu hodari, hilo simnyang'anyi. Alipofika kwenye Utatu hakufungua kitabu chochote. Aliuliza tu, "Kwenu nani anakula firigisi?"

"Babaaa!" watoto wanaitika.

"Na kuku ni wangapi?"

"Mmojaaa!"

"Nyama ya kuku aliyokula baba na aliyokula mtoto ni nyama mbili mbalimbali?"

"Hapanaaa!"

"Basi. Baba ni wa kwanza. Yeye ndiye chanzo, hatoki kwa mtu, ndiyo maana tunamtaja kwanza na heshima ya kwanza ni yake. Lakini Mungu ni mmoja na umungu ni mmoja. Baba hakumgawia Mwana makombo. Alimpa vyote alivyo navyo, hakubakiza. Aliyepewa vyote amepungukiwa nini?"

"Hajapungukiwaaa!" Na Mama Mkubwa, amechuchumaa mbele ya mafiga, ananisogezea uso na kuninong'oneza, "Na aliyempika huyo kuku, wamemweka nafsi ya ngapi?" Kisha anacheka mwenyewe mpaka anashika ubavu. Alikuwa anashika ubavu mara nyingi mwaka ule. Tulidhani ni kicheko.

Lazima niieleze habari ya firigisi, maana vijana wa siku hizi wanainunua kwa kilo bucha na hawajui watu waliichukuliaje. Kwetu firigisi ni ya baba. Mwanamke anaifungua, anaikwangua, anaimenya ile ngozi ya njano, anaipika nzima, na inakwenda juu kabisa ya bakuli la mwenye nyumba. Ikikosekana ni kesi, na nawajua wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu yake. Lakini palikuwa na jambo jingine ambalo Mama Mkubwa alilithamini kuliko yote. Baba akitaka kumaliza ugomvi na mwanaye wa kiume, anaikata firigisi mbele ya watu na kumpa nusu kwa mkono wake. Hasemi samahani, hasemi nimekusamehe. Mtoto akiitia mdomoni, mambo yamekwisha, na atakayeyafufua ndiye mwenye kosa.

Deo, mtoto wao wa pekee, alikuwa kijana wa mitumba. Alikuwa akifuata mabalo ya nguo Makambako na kurudi nayo kuuza sokoni, na alikuwa na maneno matamu, akina mama walimnunua yeye kwanza ndipo wakanunua shati. Katika safari hizo akakutana na watu fulani wa imani mpya. Huku kwetu walikuja kukodi ghala la zamani la ushirika, lile lililokuwa limebaki na panya tu, wakalifagia na kuanza kusali humo, kwa hiyo mji mzima ukawaita watu wa godauni. Fundisho lao lilikuwa moja na walilishika kwa meno: Baba peke yake ndiye Mungu wa kweli, Mwana yuko chini yake, na anayewaweka sawa amemwibia Baba utukufu. Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, mchana, tumekaa mezani, Baba Mkubwa akaanza ishara ya msalaba na sisi tukafuata. Deo mikono ameiweka mapajani. Mama Mkubwa akamgusa kwa kiwiko. Akatulia vilevile.

"Unaumwa mkono?" Baba Mkubwa akauliza.

"Siumwi, Baba. Ila nimeelewa. Yesu mwenyewe alisema Baba ni mkuu kuliko yeye. Kama yeye amekubali, sisi ni nani tumpandishe?"

"Na aliposema yeye na Baba ni kitu kimoja, ulikuwa umelala?"

"Kitu kimoja kwa nia. Mimi na mama tunaweza kuwa kitu kimoja kwa nia."

"Mtoto wa mtu ni mtu. Nusu mtu umemwona wapi? Mwana wa Mungu ni Mungu, wala si nusu."

"Sawa. Lakini baba hakuzaliwa na mtoto, Baba. Kuna anayetoa na kuna anayepokea. Anayepokea akijilinganisha na anayetoa, nyumbani kwako hapa utamwitaje?" Baba Mkubwa akaweka chini tonge. Ugali ulipoa, mchuzi ukaganda juu, na wao wanarushiana tu, chanzo, umungu, mkuu, sawa, mpaka Mama Mkubwa akasimama akakusanya sahani ambazo hazijaliwa. Kwa Kingoni akasema maneno ambayo sitayaandika. Kwa Kiswahili akasema kuna watu Mungu amewapa chakula na wanakitumia kama kiti cha kusimamia.

Hapo bado palikuwa na salama. Kilichoharibu ni mdahalo. Watu wa godauni walitangaza kwamba watafundisha uwanja wa pembeni ya soko, na kwamba mwenye swali alete. Baba Mkubwa akaenda. Padre alimwambia asiende, na Mama Mkubwa alimshika shati, lakini mtu huyu alikuwa ameambiwa na wazee wa parokia, "Katekista, unatufundishia watoto wetu Utatu na wa kwako amekushinda?" Neno hilo lilimkaa kooni. Nilikwenda nyuma yake. Uwanja ulijaa, wauza nyanya wameacha mafungu yao, na aliyeshika kipaza sauti ni Deo. Sijui kama waliopanga vile walifikiri, au walifurahia tu. Baba Mkubwa akapanda kwenye meza na shati lake jeupe, akasema habari yake ya kuku, na aliisema vizuri. Wapo waliopiga makofi. Ndipo Deo akachukua kipaza sauti, akatabasamu vilevile anavyotabasamu akiuza shati.

"Ndugu zangu, mzee amesema kweli, firigisi ni ya baba. Sasa niulizeni mimi mtoto wa nyumba ile. Nimekaa naye meza moja tangu nimeota meno. Sijaionja hata siku moja!" Watu wakaangua kicheko. "Mzee anasema kanisani Baba na Mwana wako sawa. Akifika mezani anakumbuka kwamba hawako sawa. Imani yake ya kweli ni ipi, ya kanisani au ya mezani?" Uwanja ulilipuka. Mama mmoja muuza dagaa alikaa chini kabisa kwa kucheka. Nilimwona Baba Mkubwa anashuka kwenye ile meza, anaitafuta ardhi kwa mguu kama mtu anayeshuka mtoni, na hakuna aliyempa mkono. Nilimchukia Deo siku ile. Nilimchukia zaidi kwa sababu alichosema kilikuwa kweli.

Baada ya hapo ikawa marufuku. Deo asikanyage uwanja wa nyumba ile mpaka asimame kanisani, mbele ya walewale waliocheka, akiri Utatu kwa mdomo wake. Deo naye akajibu kutoka chumba alichopanga huko mjini kwamba atakanyaga siku ambayo mzee atasimama sokoni akiri kwamba alishindwa. Na Mama Mkubwa yuko katikati, anafuma vitambaa. Alikuwa akipika chakula kingi kama zamani, halafu ananitazama. Najua alitaka nimpelekee Deo, nikampelekea, akala, akaniambia, "Mwambie mama chakula kitamu," akaendelea kusoma Biblia yake. Hakuuliza mama yake anaendeleaje. Angeuliza ningemwambia kwamba kile tulichodhani ni kicheko kilikuwa maumivu, na kwamba gauni lake la kanisani sasa analifunga kwa pini mbili.

Nilimpeleka Peramiho mimi. Baba Mkubwa alikuwa na semina ya makatekista, eti juu ya namna ya kuwajibu wazushi. Tulikaa hospitali juma zima, wakampima wakampima tena, na daktari akatuita akatuambia taratibu, bila kuficha, kwamba ugonjwa umeshatambaa na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Tukiwa nje kwenye benchi, tunakunywa chai, Mama Mkubwa akaniambia ana shida moja tu. Hakutaka nguo wala safari wala kumwona daktari mwingine. "Nataka niwaone wale wawili wanakula meza moja. Mara moja tu. Nikishaona, na waendelee kupigana mpaka Yesu arudi awaambie mwenyewe." Akacheka, akashika ubavu. Kuanzia siku hiyo mimi nilikuwa na kazi moja duniani.

Padre alikuja kumpa mpako wa wagonjwa, na sebuleni akazungumza na Baba Mkubwa. Nilikuwa chumbani nakanda miguu ya Mama Mkubwa, na sote wawili tulisikia. Padre alisema, "Katekista, fundisho lako ni sahihi, sina la kusahihisha. Baba ni chanzo, na Mwana si mdogo kwa sababu hiyo. Lakini mruhusu kijana amwone mama yake."

"Akikiri."

"Mzee wangu, mgonjwa hangoji Kanuni ya Imani."

"Padre, shikamoo yako naipokea kila siku kama mtoto wangu. Lakini wewe huna mtoto. Hujui ilivyo mtoto wako akikuvua nguo sokoni." Nikasikia kiti kinasogezwa, kisha mlango. Mama Mkubwa amefumba macho. Akasema, "Umesikia? Hajasema habari ya Mungu hata kidogo."

Basi akaamua mwenyewe. Jumapili moja akaamka, sijui nguvu alizitoa wapi, akaoga, akakaa kwenye kigoda jikoni, akaniambia nichinje yule jogoo mwekundu. Alimpika yeye. Mimi nilikuwa mikono yake tu: tia maji, punguza moto, lete chumvi. Firigisi aliikwangua mwenyewe, polepole, akiigeuzageuza. Kwa Deo alikuwa amenituma na maneno haya: "Mwambie anayekufa ni mama yake. Utatu haufi." Na kwa mumewe alisema tu, "Baba Deo, leo mwanao anakuja kula. Nimekuomba nini tangu unioe?" Akaenda akakaa kwenye kiti chake.

Deo alikuja. Aliingia na Biblia kwapani, akamkumbatia mama yake, na nilimwona anashtuka alipogusa mifupa. Kwa baba yake hakutoa shikamoo. Alisema, "Habari za hapa." Baba Mkubwa akajibu, "Hapa pako hapa." Tukakaa. Mama Mkubwa alileta firigisi yeye mwenyewe kwenye kisahani chake peke yake, na kisu pembeni. Akakitua mbele ya mumewe, akabaki amesimama, ameegemea meza kwa viganja vyote viwili.

"Baba Deo, kata."

Baba Mkubwa akakitazama kile kisu. Aliutoa mkono wake chini ya meza, nikauona umekwenda mpaka kwenye kisu, na jamani, mpaka leo nikifumba macho nauona. Kisha ukasimama. "Nikikata," akasema, "kesho atasimama sokoni aseme nimempa. Aliyemshusha Mwana wa Mungu nikimpa firigisi yangu, nimebariki kufuru."

"Na hata akikata sili," Deo akasema. "Nikila nusu kwa nusu na baba yangu, mbele ya mashahidi, nitakuwa nimekiri kwamba mwana yuko sawa na baba. Ndiyo mtego wenyewe, Mama. Huuoni?"

Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Nilitaka kuchukua ile sufuria ya mchuzi niwamwagie wote wawili. Mama Mkubwa akawatazama mmoja mmoja. Sauti yake ilikuwa imeshaisha, lakini sebule haikuwa na dari wala kelele nyingine. "Wewe unafundisha watoto wa watu kwamba Baba alimpa Mwana vyote, hakubakiza. Nusu ya firigisi imekushinda. Na wewe unawapigia watu kelele kwamba Baba yuko juu, Baba yuko juu. Wa kwako umeingia nyumbani mwake hata shikamoo hukumpa. Kila mmoja amekaa kwenye imani ya mwenzake, na mnapigana. Mimi sijui Mungu yuko namna gani huko ndani kwake. Najua mimi nimewapikia." Kisha akakaa.

Kwa akili yangu ya wakati ule nilidhani basi, sasa wataona haya. Wapi! Deo alisimama, akambusu mama yake kichwani, akasema, "Nitakuombea, Mama," na akatoka na Biblia yake. Baba Mkubwa alikisukuma kisahani mbele kwa kidole, akaingia chumbani, na tukamsikia anasali rozari kwa sauti, anatukuza Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, kumi baada ya kumi. Nikamwambia Mama Mkubwa, "Kula wewe." Akanishangaa kama nimemtukana. "Mimi? Zote nilizomenya tangu ubibi arusi wangu, hata ladha yake siijui." Akaitazama kidogo, nikafikiri ataichukua. Kisha akasema, "Mpe paka." Paka aliilia mlangoni, akachukua muda mrefu, maana ilikuwa nzima.

Alikufa kipindi cha baridi, asubuhi, ukungu bado umelala juu ya milima ya Matogoro. Mtu alikuwa amempelekea Deo habari kwamba mama yake hali imebadilika, na Deo alikuja. Alisimama nje ya ua wa michongoma. Baba Mkubwa alikuwa sebuleni, dirisha liko wazi, wanaonana kabisa. Mmoja anangoja aambiwe ingia. Mwingine anangoja asikie shikamoo. Mama Mkubwa akaniuliza, "Ni Deo?" Nikamwambia ni Deo. "Mbona haingii?" Nikatoka mbio, nikamwambia Baba Mkubwa, "Mwite!" akasema, "Njia anaijua." Nikaenda mpaka kwenye michongoma, nikamwambia Deo, "Ingia, bwana wee, ingia!" akasema, "Sijaitwa na mwenye nyumba." Niliporudi chumbani Mama Mkubwa alikuwa ameshageuza uso upande wa dirisha, na hakuugeuza tena. Nililia kwa sauti ambayo ilisikika mpaka barabarani. Ndipo Deo akaingia, wala hakungoja kuitwa.

Na sasa niseme kinachoniuma kuliko kifo chenyewe, maana kufa tunakufa wote. Mavuno yaliyofuata hayajaisha kuuzwa, wale wawili walikuwa wamepatana. Deo alipata lori la kukodi, Baba Mkubwa na wenzake wa kijiji cha Maposeni walikuwa na mahindi, na walanguzi walikuwa wanawapunja wote. Wakakaa, wakazungumza biashara, akaletwa kuku. Nasikia mzee aliikata firigisi bila kuombwa na mtu, na Deo akala huku akicheka. Kwa mahindi! Hakuna aliyekiri kanisani, na sokoni hakwenda mtu. Godauni lenyewe lilikuja kufa, waumini wakatawanyika, na Deo akarudi parokiani taratibu, kama mtu anayerudi kuchukua kofia aliyoisahau. Leo amekaa benchi la mbele, na ghala lile amelinunua, anauza humo marumaru na vyoo vya kukaa. Nilimuuliza mara moja, miaka mingi baadaye, siku hizi anaamini nini kuhusu Baba na Mwana. Akanipiga begani akasema, "Ah, mdogo wangu, zile zilikuwa damu za ujana."

Damu za ujana. Mimi swali lile sijaliacha, wao ndio waliliacha. Kila Dominika nikifika pale tunaposali kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba, nasali nimekaza meno, kwa sababu naliamini na kwa sababu nakumbuka nililisikia kwa nani. Naamini kuna Baba ambaye ni wa kwanza kwa sababu alitoa vyote kabla hajaombwa. Baba Mkubwa alinifundisha hilo, akiwa amekaa kwenye kiti chake chenye mikono, na nitamshukuru kwa hilo na nitamkasirikia kwa mengine, vyote pamoja, mpaka na mimi wanifukie. Wanaoniambia nisamehe nawaambia nimeshasamehe mara nyingi, halafu naliona lile kaburi lililopasuka, hasira inaanza upya.

Juzi baada ya mazishi wazee wa ukoo walimkalisha Deo kwenye kiti kile. Kipo bado, mbao zimebadilika rangi tu. Wakasema sasa yeye ndiye baba wa nyumba, na wakaagiza chakula. Jikoni mke wa Deo, Stela, mama mwema asiye na kosa lolote, alikuwa amelipanga bakuli la mumewe, firigisi juu kabisa, nzima. Akanipa nilipeleke kwa sababu mimi ndiye mkubwa wa wanawake pale. Nikalipeleka. Nikalitua mezani mbele yake, na wazee wanangoja mwenye nyumba aanze. Nikaichukua firigisi kwa vidole vyangu, nikaitia mdomoni.

"Ala! Mama, hiyo ni ya mwenye nyumba!" mzee mmoja akasema. Ni yuleyule wa simba wa Utatu.

Deo ameinua uso, miwani imemshukia puani. "Tekla. Umekula firigisi yangu?"

"Ya mama yako," nikamjibu, mdomo umejaa.

Macho yake yalikwenda dirishani, upande wa ua wa michongoma, yakabaki huko. Firigisi ilikuwa ngumu, tena chumvi haikukolea. Niliitafuna yote nikiwa nimesimama, na wote wananitazama, mpaka nikaimeza.